Gramu za Nini?

Mwanafunzi wa kemia akishindwa swali la hesabu, mara nyingi huambiwa arudi akasome kemia. Mimi siamini kwamba shida huwa ni kemia. Nimekaa mezani na wanafunzi wengi wanaojua vizuri atomi ni nini, wanaosawazisha mlinganyo bila kusitasita, lakini wakipewa gramu za kitu kimoja na kuulizwa gramu za kingine, wanaanza kubahatisha: nizidishe au nigawe? Wanachora ile pembetatu ya n (idadi ya moli), m (masi) na M (masi ya moli moja), wanafunika herufi moja kwa kidole, na kuisubiri iwaelekeze. Pembetatu inajibu, ila haisemi kwa nini, na swali likiwa na hatua nne badala ya moja inaishiwa nguvu.

Ninayoitetea hapa ni njia ya zamani na ya wazi kabisa: andika kizio, yaani gramu, lita au kingine kinachopimiwa, pembeni ya kila namba, andika jina la kitu pembeni ya kila kizio, kisha acha vizio vyenyewe viamue pa kuzidisha na pa kugawa. Nusu ya kwanza ya njia hii, ile ya vizio, hufundishwa karibu kila mahali. Nusu ya pili, ya jina la kitu, hutajwa haraka haraka na kusahauliwa. Kwa maoni yangu, hiyo ya pili ndiyo inayobeba kemia yenyewe.

Tuanze na msingi. Moli ni namna ya kuhesabu chembe kwa fungu, kama dazeni, ila fungu lake ni kubwa mno: chembe 6.022 × 10²³. Moli moja ya maji ina masi ya gramu 18.02. Maneno hayo ni usawa: pande zote mbili zinataja kiasi kilekile cha maji. Ukigawanya upande mmoja kwa mwingine, jibu ni moja. Kwa hiyo sehemu yenye "1 mol maji" juu na "18.02 g maji" chini thamani yake ni moja, na hata ukiipindua inabaki moja. Kuzidisha kwa moja hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Maji yako ni yaleyale, kilichobadilika ni namna ya kuyahesabu. Sehemu ya namna hiyo ndiyo nitakayoiita kigeuzi.

Ukitaka kujua gramu 45.0 za maji zina molekuli ngapi, unaandika hivi:

45.0 g maji × (1 mol maji / 18.02 g maji) × (6.022 × 10²³ molekuli za maji / 1 mol maji) = 1.50 × 10²⁴ molekuli za maji

Gramu za maji zilizo juu zinakatana na gramu za maji zilizo chini, moli zinakatana na moli, na kinachosalia ni molekuli, ndicho kilichoulizwa. Ukiweka kigeuzi cha kwanza kichwa chini, unapata 811, na pembeni yake gramu mraba kwa moli. Hakuna anayepima maji kwa gramu mraba kwa moli. Kosa limejitaja lenyewe kabla hujafika mbali, na hukuhitaji mwalimu wa kukuonyesha. Ndiyo maana huwaomba wanafunzi wasiguse kikokotoo mpaka safu nzima ya vizio iwe imeandikwa na kukatwa. Namba ni kazi ya mwisho, na ndiyo nyepesi kuliko zote.

Hadi hapo ni mambo yanayojulikana. Lakini vigeuzi si vya aina moja, na tofauti hiyo nadra kuisikia ikielezwa. Vipo vilivyo kweli kwa sababu watu walikubaliana viwe hivyo. Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili tangu makubaliano ya mwaka 1959, na hakuna kipimo kitakachokuja kuonyesha kwamba ni 2.5401. Tangu tarehe 20 Mei 2019, moli nayo iko katika kundi hili: moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, kwa fasili iliyokubaliwa. Kabla ya siku hiyo kilichokuwa kamili ni gramu 12 za kaboni-12, na idadi ya chembe ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Siku hizi mambo yamegeuka, masi ya moli moja ya kaboni-12 ndiyo inayopimwa, ingawa tofauti yake na 12 ni ndogo mno kuonekana kwenye mizani ya maabara yoyote ya kufundishia.

Vipo vigeuzi vilivyopatikana kwa kupima. Densiti ya ethanoli, yaani masi iliyomo katika kila mililita yake, ni gramu 0.789 kwa mililita, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Maneno "kwenye nyuzi 20" ni sehemu ya kigeuzi, kwa sababu joto likibadilika na densiti hubadilika. Vipo vilivyo kweli kwa chupa moja tu, kama asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Na vipo vilivyo kweli kwa mmenyuko mmoja tu, vinavyotoka kwenye mlinganyo uliosawazishwa. Kwenye karatasi vyote vina sura moja, sehemu yenye kitu juu na kitu chini, lakini kila kimoja kina mpaka wake, na mpaka huo hauonekani usipoandika kitu kinachohusika.

Chukua chupa ya asidi ya haidrokloriki (HCl) kali. Lebo inasema asilimia 37 kwa masi, densiti gramu 1.19 kwa mililita. Masi ya moli moja ya HCl ni gramu 36.46. Swali: ukolezi wake ni moli ngapi kwa lita? Kwa mwanafunzi wangu, swali hili moja lina faida kuliko maswali kumi ya kubadili kilomita kuwa mita, kwa sababu limeficha gramu za aina mbili. Kuna gramu za myeyusho, yaani maji na asidi pamoja, na kuna gramu za HCl peke yake. Densiti ni ya myeyusho. Masi ya moli ni ya HCl. Asilimia 37 ndiyo daraja kati yao: gramu 37 za HCl katika kila gramu 100 za myeyusho.

(1.19 g myeyusho / 1 mL myeyusho) × (37 g HCl / 100 g myeyusho) × (1 mol HCl / 36.46 g HCl) × (1000 mL / 1 L) = 12.1 mol HCl kwa lita ya myeyusho

Sasa tazama kinachotokea kwa aliyeandika "g" peke yake. Anaona gramu juu kwenye densiti, anaona gramu chini kwenye masi ya moli, anazikata, anazidisha kwa 1000, anapata moli 32.6 kwa lita. Kizio cha jibu ni mol/L, sawasawa na kilichoulizwa. Ukaguzi wa vizio umepita bila pingamizi na jibu ni karibu mara tatu ya ukweli. Gramu za myeyusho zilikatwa na gramu za HCl kana kwamba ni kitu kimoja. Akienda kutengeneza myeyusho wa moli 1 kwa lita kwa hesabu hiyo, atapata wa 0.37, na titresheni yake yote, yaani kupima ukolezi wa myeyusho mwingine kwa kutumia huu, itapotoka bila yeye kujua imeanzia wapi.

Kwa hiyo mtu akiniambia uchambuzi wa vizio hukamata kila kosa, namjibu kwamba hukamata kosa uliloliandika. Ukiandika nusu ya habari, utakaguliwa kwa nusu hiyo tu.

Yako makosa ambayo hata kizio chenyewe hakikuandikwa. Mfano ninaoufundisha kila mara ni wa ndege, kwa sababu hesabu iliyokosewa ni ya densiti, ileile ya chupa ya asidi. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, safari namba 143 kutoka Montreal kwenda Edmonton, ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Mita za mafuta hazikuwa zikifanya kazi, kwa hiyo mafuta yaliyokuwemo yalipimwa kwa vijiti tangini, yakaonekana ni lita 7,682. Kinachobaki ni kigeuzi kimoja cha kutoka lita kwenda kilo. Kanada ilikuwa katikati ya kuhamia mfumo wa metriki, na ndege hiyo mpya ilihesabiwa kwa kilo wakati nyingine za shirika hilo zilihesabiwa kwa pauni. Namba iliyotumika ilikuwa 1.77.

1.77 nini? Ilikuwa pauni kwa lita. Kilo kwa lita ni 0.803. Iliandikwa bila kizio na ikatumika bila kizio. Walizidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Wakatoa kwenye 22,300, wakabakiwa na 8,703, wakagawa tena kwa 1.77, na ndege ikaongezwa takriban lita 4,900. Zilihitajika zaidi ya lita 20,000. Ndege iliruka na pauni 22,300 mahali pa kilo 22,300, yaani chini ya nusu ya mafuta, na injini zote mbili zilizimika ikiwa angani. Rubani Bob Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal waliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 waliokuwamo walinusurika.

Angalia jinsi hesabu yenyewe ilivyokuwa safi. Kuzidisha kulikuwa sahihi, kutoa kulikuwa sahihi, na ilirudiwa zaidi ya mara moja. Kurudia hesabu ya namba tupu hakuwezi kuonyesha kosa la kizio, kwa sababu kosa halimo kwenye namba. Laiti mtu mmoja angeandika "7,682 L × 1.77 lb/L" (lb ni pauni), jibu lingetoka likiwa na "lb" pembeni, na lisingekubali kutolewa kwenye kilo.

Hilo la kukataa kujumlishwa au kutolewa ni kanuni yenye nasaba yake. Joseph Fourier, katika kazi yake ya mwaka 1822 juu ya joto, alieleza kwamba vipande vya mlinganyo mmoja haviwezi kulinganishwa visipokuwa na vipimo vya namna moja. Katika kemia kanuni hii huvunjwa zaidi pale penye nishati. Chukua kuyeyuka kwa barafu. Badiliko la entalpia (ΔH), yaani joto linaloingia, ni kilojuli 6.01 kwa moli, badiliko la entropia (ΔS), yaani la mtawanyiko wa nishati, ni juli 22.0 kwa moli kwa Kelvini. Vitabu huandika la kwanza kwa kilojuli na la pili kwa juli, kwenye jedwali lilelile, na mwanafunzi anatakiwa kukokotoa ΔG = ΔH − TΔS, ambapo T ni joto kwa Kelvini, na ΔG ikiwa hasi badiliko linaweza kutokea lenyewe, ikiwa chanya haliwezi. Kwenye Kelvini 250, ambayo ni baridi kali, TΔS ni juli 5,500, yaani kilojuli 5.50. Hapo ΔG ni chanya, kilojuli 0.51 kwa moli, na barafu haiyeyuki, kama inavyopaswa. Asiyebadili juli kuwa kilojuli anatoa 5,500 kwenye 6.01, anapata hasi kubwa, na karatasi yake inatangaza kwamba barafu inayeyuka kwenye nyuzi 23 chini ya sifuri. Ukiweka Kelvini 273.15, hesabu sahihi inakupa karibu sifuri kabisa, kwa sababu hapo ndipo barafu na maji hukaa pamoja. Napenda sana mfano huu. Vizio vikipangwa vizuri, kiwango cha kuyeyuka kinajitokeza chenyewe kwenye karatasi.

Joto lina mtego wake mwingine, nitaupitia kwa kifupi: kutoka Selsiasi kwenda Kelvini hakuna kigeuzi cha kuzidisha, unajumlisha 273.15, kwa sababu mizani hizo mbili zinaanzia sifuri tofauti. Tofauti ya joto, hata hivyo, ni ileile kwa zote mbili. Na pH, kipimo cha uasidi, ni logarithimu, kwa hiyo haiingii kwenye mnyororo wa kukatana hata kidogo. Kujua pa kuiacha njia ni sehemu ya kuijua.

Turudi kwenye milinganyo ya mmenyuko, maana huko ndiko jina la kitu linakoamua kila jambo. Katika vyombo vya anga vya Apollo, hewa ukaa (CO₂) waliyoipumua wanaanga iliondolewa kwa litiamu haidroksaidi (LiOH):

2 LiOH + CO₂ → Li₂CO₃ + H₂O

Mtu mmoja hutoa takriban kilo moja ya hewa ukaa kwa siku. Je, atahitaji LiOH kiasi gani? Masi ya moli ya CO₂ ni gramu 44.01, ya LiOH ni 23.95.

1000 g CO₂ × (1 mol CO₂ / 44.01 g CO₂) × (2 mol LiOH / 1 mol CO₂) × (23.95 g LiOH / 1 mol LiOH) = 1,090 g LiOH

Zaidi ya kilo moja kwa mtu kwa siku. Kigeuzi cha katikati, cha mbili kwa moja, kimetoka kwenye mlinganyo, na ndicho pekee kinachotuvusha kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Lakini mtu anayeandika "mol" bila jina, kwake kigeuzi hicho kinakuwa mol juu ya mol, kinakatana, kinabaki 2 tupu. Au ½ tupu. Hakuna kizio kitakachomwambia ni ipi. Akichagua nusu anapata gramu 272, robo ya kinachohitajika, na pembeni ya jibu lake pameandikwa "g" bila dosari. Akikisahau kabisa anapata gramu 544, na kizio bado ni "g". Majibu matatu, kizio kimoja, na aliye ndani ya chombo anavuta hewa ileile. Ukiandika "mol LiOH" na "mol CO₂", kigeuzi kilichopinduliwa kinakuachia CO₂ mraba juu na LiOH mraba chini, na kilichosahauliwa kinakuachia CO₂ juu na LiOH chini, vimekutana bila kukatana. Kalamu inasimama yenyewe.

Kemia ya mwili wa binadamu inafuata sheria hiyohiyo. Sukari ya damu katika baadhi ya nchi huandikwa kwa miligramu kwa desilita, katika nyingine kwa milimoli kwa lita, na wengi wanajua kwamba unagawa kwa 18. Hiyo 18 inatoka wapi? Masi ya moli ya glukosi ni gramu 180.16, na lita moja ina desilita 10:

90 mg glukosi / 1 dL × (1 mmol glukosi / 180.16 mg glukosi) × (10 dL / 1 L) = 5.0 mmol glukosi kwa lita

Kwa hiyo 18 ni mali ya glukosi. Kolesteroli hupimwa katika damu hiyohiyo, kwa vizio hivyohivyo, lakini molekuli yake ni nzito zaidi, gramu 386.65 kwa moli, na kigawanyo chake ni 38.67. Kolesteroli ya 200 mg/dL ni 5.17 mmol/L. Mtu akigawa kwa 18 kwa kuwa ndiyo anayoikumbuka, anapata 11.1, kizio kiko sahihi kabisa, na anaanza kuogopa kitu kisichokuwepo.

Mfano wa mwisho ni ule ninaotamani kila anayesoma ripoti ya maji aufahamu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha naitreti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, unaweka miligramu 10 kwa lita. Ukisoma hivyo tu, utadhani upande mmoja ni mkali mara tano kuliko mwingine, tena katika jambo linalogusa uhai wa watoto wachanga, kwa kuwa naitreti nyingi huizuia damu yao kubeba oksijeni ipasavyo. Lakini 50 ni miligramu za naitreti, NO₃⁻ nzima, na 10 ni miligramu za naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti. Kigeuzi kinatoka kwenye fomula: gramu 62.00 za naitreti zina gramu 14.01 za naitrojeni.

10 mg N / 1 L × (62.00 mg NO₃⁻ / 14.01 mg N) = 44 mg NO₃⁻ kwa lita

44 na 50. Vikomo viwili vinavyokaribiana sana, vimeandikwa kwa njia mbili. Hatari iko kwa anayechukua matokeo ya maabara yaliyoandikwa "30 mg/L" bila neno zaidi. Kama ni naitreti, maji hayo yako chini ya vikomo vyote viwili. Kama ni naitrojeni, yana naitreti miligramu 133 kwa lita, na mtoto mchanga asitengenezewe maziwa kwa maji hayo. Mwenye ripoti kama hiyo arudi kwa maabara iliyoitoa, aulize miligramu hizo ni za nini, na aombe jibu liandikwe kwenye ripoti.